Chombo Kitalala Wapi?

Mwaka 1947 jimbo la Michigan, Marekani, liliunda tume ya njia za maji na kuipa kazi inayoelezeka kwa mstari mmoja: kujenga bandari za kukimbilia dhoruba kuzunguka mwambao wote wa jimbo, ili mwenye chombo kidogo asiwe kamwe zaidi ya maili 15, yaani kilomita 24 hivi, kutoka mahali pa kujisitiri. Fedha zilitoka kwenye ushuru wa petroli inayochomwa na injini za boti na kwenye ada za kusajili vyombo. Hoja iliyosukuma uamuzi huo ilikuwa usalama. Hata hivyo, mila nzima ya matembezi ya kiangazi ambayo leo hujaza Ziwa Michigan mashua za matanga na boti za injini imesimama juu yake.

Hesabu yake ni nyepesi. Bandari mbili zikiachana kilomita 48, mashua ya tanga inayokwenda kilomita tisa au kumi kwa saa inahitaji saa tano tu. Nahodha anaamka, anakunywa kahawa, anasikiliza utabiri wa hali ya hewa, anafungua kamba saa tatu asubuhi, na alasiri ameshafunga kwingine. Hana haja ya kusafiri usiku wala ya kushindana na wingu. Ikitangazwa tahadhari kwa vyombo vidogo, anabaki alipo siku moja zaidi na kwenda mjini kununua cheri, ambazo Julai huuzwa kila kona upande ule. Utulivu tunaouona kwenye picha za safari hizi, watu wamekaa sitahani miguu imenyooshwa, unatokana na mtu kujua tangu asubuhi chombo kitalala wapi.

Na ziwa lenyewe si la kufanyiwa mzaha. Lina urefu wa kilomita 494, na kina chake kinafika mita 281. Mawimbi yake ni mafupi, yamesimama wima, na hufuatana upesi kuliko ya bahari kuu, kwa hiyo chombo hakipati nafasi ya kupumua kati ya moja na jingine. Upepo mkubwa hutoka magharibi na kusukuma kila kitu kuelekea mwambao wa mashariki, na ni mwambao huohuo wenye bandari zinazopendwa zaidi. Majina yao, kutoka kusini kwenda kaskazini, huvutwa kama tasbihi: St. Joseph, South Haven, Saugatuck, Holland, Grand Haven, Muskegon, Pentwater, Ludington, Manistee, Frankfort, Leland, Charlevoix, Harbor Springs, mpaka kisiwa cha Mackinac.

Nyingi zina umbo moja. Mto uliokuwa ukimwagika ziwani ulizibwa na vilima vya mchanga, ukatanda nyuma yake na kuwa ziwa dogo. Watu wakachimba mfereji kuupasua mchanga, wakajenga kuta mbili za kuzuia mawimbi, na mwishoni mwa ukuta wakasimamisha mnara wa taa, mara nyingi mwekundu. Siku ya upepo, mlango wa mfereji ndio mahali pa hatari kuliko pote katika safari, kwa sababu mawimbi huvunjika kati ya kuta. Ukishapita, maji yamelala. Mkuu wa bandari ameshakupa kwa redio namba ya nafasi yako, na vijana walioajiriwa kwa likizo wanasubiri gatini kupokea kamba. Kuna umeme, maji safi, bafu, na mashine ya kufyonza majitaka kutoka kwenye tangi la chombo, maana kuyamwaga ziwani ni marufuku. Huko Charlevoix daraja la barabara hunyanyuliwa kila nusu saa katika msimu, na msururu wa magari husimama kuisubiri mashua ipite. Napenda sana utaratibu huo. Ni mji uliokubali, kwa vitendo na kwa ratiba, kwamba mtu asiye na haraka naye ana haki ya njia.

Msimu ni mfupi. Huanza Mei na kufa Oktoba. Mwishoni mwa Juni jua la Ludington huzama karibu saa tatu na nusu usiku, saa ambayo sisi tulio karibu na ikweta tumeshakula na kuosha vyombo. Kisha baridi huja, mashua hupandishwa nchi kavu, hufungwa kwa plastiki nyeupe na kuachwa juu ya magogo mpaka barafu iyeyuke. Ufupi huo ndio unaowafanya watu wa kule wathamini kila Jumamosi ya kiangazi kwa uchu ambao mkazi wa Mwanza au Kigoma, mwenye jua lilelile mwaka mzima, hana sababu ya kuwa nao.

Lakini bandari hizo za Michigan hazikuzaliwa mapumzikoni. Chicago ilipoungua Oktoba 1871, mbao za kuijenga upya zilitoka kwa wingi katika misitu ya misonobari ya Michigan, na mito hiyohiyo iliyozibwa na mchanga ndiyo iliyobeba magogo. Karne iliyofuata ilipoanza, misitu ilikuwa imekwisha. Ernest Hemingway, aliyelelewa majira ya kiangazi kando ya ziwa dogo karibu na Petoskey, aliandika hadithi fupi inayoitwa "The End of Something", iliyotoka katika kitabu chake cha 1925. Kijana na msichana wanapiga makasia kando ya magofu ya kiwanda cha mbao, wanatega ndoano, na usiku huohuo mapenzi yao yanakatika. Kabla ya kuwataja wapenzi hao, Hemingway anaeleza jinsi mji wa mbao ulivyofungwa na mashine zake kupakiwa merikebuni na kuondoka. Namsifu kwa mpangilio huo. Alielewa kwamba ukimya mtamu wa kiangazi ulikuwa ukimya wa kazi iliyokufa.

Samaki nao walifuata njia hiyo. Lamprei, mnyama wa majini anayefyonza damu ya samaki, aliingia maziwa ya juu kupitia mifereji ya meli, na kufikia miaka ya 1950 alikuwa amewamaliza karibu samaki wote wakubwa wa Ziwa Michigan. Uvuvi wa nyavu ukaporomoka. Mwaka 1966 wataalamu wa jimbo wakapanda samoni kutoka Pasifiki. Nia ilikuwa ziwa liwe mahali pa uvuvi wa burudani, si tena chakula cha viwanda. Wavuvi wa ndoano wakamiminika kutoka Detroit na Chicago, maduka ya boti yakafunguliwa, marina zikapanuliwa. Walioumia ni wenye nyavu, na miongoni mwao Waodawa na Waojibwe, wenyeji wa ziwa hilo, ambao katika mkataba wa 1836 walitoa ardhi bila kutoa haki yao ya kuvua. Baada ya ugomvi mrefu, uliofika mpaka magatini, jaji wa shirikisho Noel Fox aliithibitisha haki hiyo mwaka 1979. Kila ninapoona picha ya marina iliyojaa katika mwambao ule namkumbuka pia mvuvi ambaye aliondolewa ili nafasi ipatikane.

Msomaji wa Afrika Mashariki ataisikia hadithi hii kwa sikio jingine. Nasi tulipandiwa samaki mla wenzake. Sangara aliingizwa upande wa Uganda wa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, enzi za ukoloni, na katika miaka ya 1980 akalitawala ziwa, akala furu wa aina nyingi ambao hawajaonekana tena. Kitendo ni kimoja katika maziwa mawili, na matokeo yameachana kabisa. Samoni wa Michigan walizaa marina. Sangara wa Viktoria alizaa viwanda vya minofu vya Mwanza, Musoma, Kisumu na Jinja, na ndege za mizigo kwenda Ulaya. Tofauti haikuwa katika samaki. Ilikuwa katika swali la nani alikuwa na siku za mapumziko, nani alikuwa na gari la kuvuta boti, na serikali iliona ziwa ni la nini. Kule lilikuwa la kupumzikia watu wa viwandani. Huku lilikuwa la kuingizia fedha za kigeni.

Uswidi ilijibu swali la chombo kitalala wapi kwa njia isiyohitaji saruji nyingi. Ziwa Mälaren, linaloanzia katikati ya Stockholm na kuingia magharibi kwa zaidi ya kilomita mia, lilikuwa ghuba ya Bahari ya Baltiki mpaka ardhi ilipoinuka polepole na kulitenga, yapata miaka 800 iliyopita. Ndiyo maana limejaa visiwa, rasi na vichochoro vya maji. Huko mtu haulizi kwanza bandari iko wapi. Haki ya kila mtu kufika katika maumbile, mila ya kale iliyoingizwa katika katiba mwaka 1994, inamruhusu kufunga chombo kwenye mwamba wa mtu mwingine usiku mmoja au mbili bila kuomba, mradi asisogelee nyumba, asitumie gati la mwenyewe, na asiache hata ganda la yai. Wana namna yao ya kufunga: nanga hutupwa nyuma, tezini, kisha omo husogezwa taratibu mpaka karibu iguse jiwe, mtu mmoja anaruka na kamba na kuifunga kwenye mti. Chama cha mabaharia wa matembezi, kilichoanzishwa mwaka 1923, kimetawanya maboya ya buluu kwa wanachama wake, na miji kama Strängnäs na Sigtuna ina bandari za wageni. Lakini roho ya mila hiyo ni mwamba na msonobari, na imani kwamba mgeni ataondoka kesho akiwa ameacha mahali kama alivyopakuta.

Imani hiyo ina mipaka iliyoandikwa. Tangu Aprili 2015 chombo cha starehe hakiruhusiwi kumwaga majitaka katika maji ya Uswidi, na katika Mälaren sababu haihitaji maelezo marefu, maana watu wapatao milioni mbili wanakunywa maji yake.

Meli ya mvuke Mariefred, iliyojengwa mwaka 1903, bado inachoma makaa ya mawe na bado inatoka Stockholm majira ya kiangazi kwenda mji mdogo ulioipa jina, penye ngome ya Gripsholm. Kurt Tucholsky, mwandishi wa Berlin, aliuweka mji huo katika riwaya yake ya 1931, hadithi ya wapenzi wanaokwenda likizo kando ya ziwa. Ni kitabu chepesi, chenye mwanga, mpaka wapenzi hao wanapokutana na mtoto mdogo wa kike anayeteswa na mkuu wa makao ya watoto ya jirani. Wanaamua kumtoa. Miaka miwili baadaye vitabu vya Tucholsky vilichomwa moto na Wanazi, naye akavuliwa uraia. Alifia Uswidi mwaka 1935 na kuzikwa Mariefred. Nikimweka kando ya Hemingway naona jambo moja linalowaunganisha waandishi hao wawili wasiofanana kwa lolote jingine: kila mmoja alikwenda ziwani majira ya kiangazi na kukataa kuandika kana kwamba pale ufukoni hakuna anayeumia. Hemingway aliiona kazi iliyokufa, Tucholsky akamwona mtoto nyuma ya ukuta. Fasihi ya mapumziko yenye thamani hufanya hivyo.

Mashua ya mtu binafsi, hata hivyo, si njia pekee ya kutembea bandari kwa bandari. Katika Ziwa Léman, kati ya Uswisi na Ufaransa, kuna meli nane za zamani zilizojengwa kati ya 1904 na 1927, za ratiba, za tiketi, wazi kwa yeyote. Familia hupanda Lausanne, hushuka Vevey kula, hurudi jioni. Wakati huohuo ziwa hilo hubeba kila asubuhi wafanyakazi wanaoishi Évian, upande wa Ufaransa, na kufanya kazi Lausanne. Kazi na mapumziko hutumia gati moja. Katika mila zote ninazozilinganisha hapa, hii ndiyo iliyo karibu zaidi na yetu, ingawa mtu akitazama kwa haraka atadhani ndiyo iliyo mbali kuliko zote.

Fikiria meli mbili. La Suisse ilishushwa Ziwa Léman mwaka 1910. Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa mpaka Dar es Salaam, ikabebwa kwa reli hadi Kigoma na kushushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha isitekwe. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Meli hizi ni za rika moja. Ile ya Uswisi imetunzwa kama hazina ya taifa, shaba yake inang'arishwa. Ile ya Kigoma ilibeba magunia ya dagaa, mananasi, wakimbizi na wafanyabiashara mpaka iliposimamishwa kwa matengenezo mwishoni mwa miaka ya 2010.

Njia ya Liemba kutoka Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, ilikuwa na vituo vingi na magati machache sana. Sehemu kubwa ya safari meli ilisimama majini mbele ya kijiji na kupiga honi, na mitumbwi ikatoka gizani. Mama mwenye mtoto mgongoni, fundi na cherehani yake, mzee na mkungu wa ndizi, wote walipandishwa na kushushwa kwa mikono ya watu, kati ya ubavu wa chuma na mtumbwi unaoruka. Wasafiri wa Ulaya wameandika mengi kwa kusifu tukio hilo, na kweli ni ustadi mkubwa. Mimi naliona pia kama deni la karne nzima. Pale Michigan jimbo lilihesabu maili kati ya bandari na bandari. Katika Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa kilomita 673, mikono ya wanakijiji ndiyo iliyokuwa bandari.

Yapo mapumziko katika safari zetu, na sipendi kusikia yakikanwa. Katika Ziwa Viktoria, anayekwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, siku ya Ijumaa hukuta sitahani watu wanaocheza bao na drafti, wanaokula sato wa kukaanga, wanaosimuliana habari za misiba na harusi. Wanakwenda kwao, na wanapumzika njiani. Kinachokosekana ni mtu kupanda chombo kwa ajili ya kwenda tu, kwa hiari, kwa kuwa maji ni mazuri. Wengi hueleza jambo hilo kwa umaskini au kwa utamaduni. Mimi nalieleza kwa makaburi.

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu, na wengi wao wamezikwa Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ikikaribia Ukara, ikiwa imejaza kupita kiasi. Zaidi ya watu 220 walikufa. Mtu aliyezika Igoma haambiwi apande chombo kupunga upepo. Na hili si la Waafrika peke yao. Tarehe 24 Julai 1915, mjini Chicago, meli ya Eastland ilijaa wafanyakazi wa kiwanda kimoja na familia zao waliokuwa wakienda pikiniki ng'ambo ya Ziwa Michigan. Ilipinduka mtoni ikiwa bado imefungwa gatini. Watu 844 walikufa, katika safari ya starehe tupu, hatua chache kutoka barabarani. Ziwa ambalo leo linaonekana limeumbwa kwa ajili ya likizo lilikuwa na Igoma yake. Imani ya watu ilijengwa upya kwa miongo, kwa ukaguzi, kwa utabiri, kwa taa, na kwa zile bandari za kila kilomita 48.

Ndiyo maana nasema bandari ya kujisitiri ije kwanza, na ije kwa ajili ya wavuvi wa dagaa kabla ya mtu yeyote mwingine. Katika Ziwa Viktoria upepo wa mchana huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku hugeuka, na ngurumo nyingi hukusanyika katikati ya ziwa kuelekea alfajiri, saa zilezile ambazo wavuvi wako nje na karabai zao na, siku hizi, taa za betri. Mialo yao mingi ni ufuko mtupu. Mwalo wenye ukuta wa mawe wa kuzuia wimbi, taa inayowaka usiku kucha na ubao wa utabiri ungeokoa mvuvi leo, na keshokutwa ungeweza kumpokea mwalimu na watoto wake waliokodi boti kwenda kuona kisiwa.

Michigan inatupa kielelezo kingine, kinachogusa zaidi wakati wetu. Kuanzia 1923 jimbo liliendesha vivuko vya magari katika mlango wa maji wa Mackinac, na msimu wa uwindaji foleni zilikuwa za kutisha. Novemba 1957 daraja la kilomita nane lilifunguliwa na vivuko hivyo vikaisha kazi siku moja. Mji wa Mackinaw City ungeweza kufa. Badala yake boti za abiria ziliendelea kwenda kisiwani, ambako magari yamekatazwa tangu 1898 na watu hutembea kwa farasi na baiskeli. Gati la zamani la vivuko vya treni sasa limefungiwa meli ya kuvunja barafu iliyogeuzwa makumbusho, na jimbo limejenga pale bandari ya vyombo vya starehe.

Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu hivi, lilifunguliwa juu ya Ghuba ya Mwanza, na foleni iliyokuwa ikisubiri kivuko ikahamia juu. Walioshinda pale usiku kucha na mgonjwa ndani ya gari wanajua daraja hilo ni rehema kiasi gani. Lakini chini yake, pande zote mbili, Misungwi na Sengerema, kuna ufuko ambao vyombo vimeuzoea kwa miaka mingi, karibu na jiji, wenye barabara ya lami mpaka majini. Sioni sababu ya kuuacha uote magugu. Uwekwe taa, makoti ya kuokolea ya kuazima, choo kinachofanya kazi, kivuli cha kukaa, na boti ya abiria ya ratiba inayozunguka ghuba Jumamosi na Jumapili kwa nauli ambayo familia ya kawaida inaiweza. Upande mmoja ubaki wa wavuvi kuanikia dagaa. Na mama lishe waliokuwa wakiwauzia samaki wasafiri wa foleni wapewe vibanda palepale kabla hajaletwa mwekezaji wa hoteli.